Interkula na Turbo za Subaru Iliyoongezwa Nguvu: Tazama Maungio Kabla ya Ukubwa

Barua ninazopokea kutoka kwa wasomaji wenye Subaru za turbo zimeanza kufanana kiasi kwamba nikifika katikati ya barua najua itakavyoishia. Mwenye gari, ambalo mara nyingi ni Impreza WRX au Forester ya SG5, amenunua turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisongea injini hewa) na interkula (kipozaji cha hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda) kubwa kuliko zile za kiwandani, amemlipa fundi wa kuzifunga, amemlipa na mtaalamu wa kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, na sasa gari linafuka moshi mweusi kila linapokanyagwa, linakunywa petroli kuliko lilivyokunywa awali, na nguvu iliyoahidiwa haionekani. Msomaji mmoja wa Nakuru alieleza kwamba fundi wake alikuwa amekwisha kubadilisha plagi, sensa ya oksijeni na pampu ya petroli, kila kimoja kwa gharama ya mwenye gari, bila nafuu yoyote. Nilimwomba aizibe njia ya hewa inapoingia kwenye turbo, aijaze presha kwa kompresa ya kujazia matairi, kisha apake maji ya sabuni kwenye interkula. Povu lilitokea ubavuni, pale tangi (kikasha cha pembeni kinachopokea hewa) linapoungana na kiini (sehemu ya kati inayoipoza), likivimba na kupasuka kama uji unaochemka. Interkula hiyo ilikuwa mpya.

Mwongozo huu unahusu magari ninayoyafahamu, yaani Impreza za bodi za GC8, GDA na GDB pamoja na Forester za bodi za SG5 na SG9, ambayo yamejaa Nairobi, Nakuru na Eldoret. Mapenzi yetu kwa magari haya hayakuanza juzi: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na wengi waliokuwa watoto kando ya barabara zile ndio wenye magari haya leo. Sitaeleza urefu na upana wa interkula, wala nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye boksi la turbo, kwa sababu hayo muuzaji yeyote atakusomea hata kabla hujamsalimu. Nitakachokishikilia ni maungio: mahali tangi linaposhikana na kiini, mahali hozi inapovaa bomba, mahali valvu ya kurudishia hewa inapokalia gasketi yake. Karibu kila aliyeniandikia alikuwa ametazama kila kitu isipokuwa hayo.

Sababu ya kulishikilia jambo hili iko katika namna Subaru inavyopima hewa. Sensa ya hewa hukaa baada ya boksi la chujio na kabla ya turbo, na kompyuta hutoa petroli kulingana na hewa iliyopita hapo. Ikishapita, kompyuta haina habari nayo tena. Ikiwa sehemu ya hewa hiyo inatorokea kwenye ufa ulioko baada ya turbo, petroli iliyokusudiwa kuungua nayo huingia kwenye silinda bila mwenzake, na huo ndio moshi mweusi, na hizo ndizo ziara za kila mara kwenye kituo cha mafuta. Wakati huohuo westigeti, kile kilango kinachopitishia moshi kando ya turbo, hubaki imefungwa kwa muda mrefu zaidi ili presha iliyowekwa itimie, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia kinachopotea. Turbo za ukubwa huu zikiwa kazini huweza kupita mizunguko 150,000 kwa dakika, na kuzibebesha juu ya hapo kazi ya kupulizia barabara upepo wa bure ni kuzichimbia kaburi. Kibaya zaidi, uvujaji wa namna hii hausikiki gari likiwa limesimama likinguruma taratibu, kwa kuwa wakati huo ndani ya interkula hakuna presha ya kusukuma chochote nje. Ufa hufunguka gari linapopanda kilima, na fundi aliyebaki karakana hayupo kuusikia.

Kwa sisi tunaoishi nyanda za juu, hesabu ni kali zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni takriban bar 0.82, ilhali Mombasa ni bar 1 na kidogo. Injini inayotaka presha kamili ya bar 2 katika njia yake ya hewa huidai turbo iikuze hewa takriban mara 2 ikiwa Mombasa, lakini ikiwa Nairobi huidai iikuze mara 2.4. Hewa inaposongwa hupata joto, na kwa hewa ya nyuzi 25 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, ile ya Mombasa hutoka kwenye turbo ikiwa na karibu nyuzi 115 na ile ya Nairobi karibu nyuzi 145. Nyuzi hizo 30 za ziada lazima ziondolewe na interkula, la sivyo hufika kwenye silinda na kuleta kule kugonga kwa petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, ambako huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, hasa katika injini za lita 2.5. Ikumbukwe pia kwamba STI, yaani Impreza zenye nguvu zaidi, zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziliandikiwa programu ya petroli ya oktani 100, na super ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa hiyo interkula bora ni jambo la lazima kwetu kuliko kwa Mjapani. Ila interkula bora inayovuja ni hasara kuliko ile ndogo ya kiwandani isiyovuja, na sitabadili maneno hayo hata nikionyeshwa grafu ya daino, ile mashine ya kupimia nguvu za gari.

Sasa nije kwenye mpangilio wangu, nikianza na interkula.

Nafasi ya kwanza naipa interkula ya juu ya injini ya GrimmSpeed, kampuni ya Marekani inayojishughulisha na Subaru, na sifichi upendeleo wangu. Matangi yake ni ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, na yamechomelewa kwenye kiini, hivi kwamba lile ungio la plastiki na alumini ambalo ndilo chanzo cha malalamiko mengi halipo kabisa. Kwa sababu inakaa palepale ilipokaa ile ya kiwandani, maungio unayobaki nayo ni machache ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja: hozi inayotoka kwenye turbo, hozi inayokwenda kwenye mdomo wa injini, na gasketi ya valvu ya kurudishia hewa. Fundi anaweza kuyakagua yote kwa kufungua boneti tu, bila kulala chini ya gari wala kuvua bampa. Kiini chake ni kizito, na uzito huo una pande mbili: kinachelewa kupata joto unapokanyaga, lakini kikishapata joto kwenye foleni ya Waiyaki Way kinachelewa pia kupoa. Nimeipima faida na hasara hiyo na bado naiweka juu. Unapoagiza, taja modeli na mwaka wa gari lako waziwazi, kwa sababu interkula ya STI na ile ya Legacy GT zote hukaa juu ya injini lakini hazivaliani, na atakayekulipia gharama ya kuirudisha Marekani hayupo.

Nafasi ya pili inakwenda kwa interkula ya STI ya kiwandani, ya mtumba kutoka Japani, ikifungwa kwenye WRX au Forester ambayo ilizaliwa na ndogo zaidi. Hili ni badiliko la miaka mingi na lina mantiki: kiini ni kikubwa zaidi, kimebuniwa na Subaru yenyewe, na kazi ya kukifunga ni ndogo, ingawa itabidi utafute hozi zinazolingana na mdomo wake, urekebishe kishikizo kimoja au viwili, na kwa Forester uangalie kwamba hewa inayoingia kwenye mdomo wa boneti inafunika kiini chote badala ya nusu yake. Ugumu uko kwenye matangi. Nyingi kati ya interkula hizi zina matangi ya plastiki ambayo hayakuchomelewa bali yamebanwa: meno madogo ya alumini yamekunjwa juu ya ukingo wa plastiki, na katikati kuna mpira mwembamba wa kuzuia hewa. Mpira huo umekaa juu ya injini ya moto tangu gari lilipotoka kiwandani, na kwa gari la 2004 hiyo ni miaka zaidi ya 20 ya kukaushwa. Ukiongeza presha kupita ile ya kiwandani, meno hujiachia kidogo, mpira hushindwa, na hewa hupata mlango.

Namna ya kuigundua mbovu dukani ni rahisi na haihitaji chombo chochote. Chukua karatasi laini nyeupe, ipitishe polepole juu ya mstari wa meno kuzunguka tangi lote, kisha itazame. Hewa inayotoka kwenye turbo hubeba ukungu wa oili, na panapovuja oili hiyo hutoka nayo, ikakamata vumbi na kuacha mstari mweusi wa mafuta kando ya meno. Vumbi kavu la kijivu si neno, ni la kawaida kwa kitu kilichosafiri ndani ya kontena. Mstari mweusi wenye kuteleza, hata uwe na urefu wa kidole kimoja tu, ni ushahidi. Muuzaji atakwambia kwamba oili ni ya turbo ya gari lililotolewa, na hapo atakuwa anasema kweli bila kujua kwamba anajishtaki, kwa sababu swali ni jinsi oili hiyo ilivyotoka ndani ikafika nje. Pindua pia interkula, uinamishe mdomo wake juu ya karatasi na uigongegonge kwa kiganja. Zikidondoka chembe za chuma zinazong'aa, ujue turbo ya gari lile ilivunjika na mabaki yake yamo ndani yakikusubiri, nayo hayaogopi petroli ya kuoshea wala presha ya kompresa.

Kwa wanaoridhika na presha ya kiwandani au juu yake kidogo, interkula hii ikipita majaribio hayo inatosha kabisa. Iwapo gari lako ni STI ya Japani yenye kile kipuliza maji cha kupoza interkula, hakikisha tangi lake lililoko nyuma lina maji safi na pampu inafanya kazi kabla hujatumia fedha nyingine yoyote. Nimeona wengi wakiagiza kiini kipya kutoka ng'ambo ilhali kipulizaji chao kimekauka tangu gari lishushwe bandarini Mombasa.

Interkula za mbele, zinazokaa nyuma ya bampa, naziweka nafasi ya tatu, na najua wapenzi wake watanung'unika. Process West ya Australia na HKS ya Japani wanatengeneza nzuri, na kwa gari la mashindano, au gari lililofungwa turbo kubwa sana, au kwa mtu wa Mombasa anayekimbizana na joto la pwani, hakuna kinachozishinda kwa kupoza hewa. Lakini hesabu maungio. Bomba linatoka kwenye turbo iliyoko nyuma ya injini, linashuka hadi mbele, linaingia kwenye kiini, linatoka upande wa pili na kurudi juu hadi mdomo wa injini. Kila panapokutana bomba na bomba pana hozi ya silikoni, na kila hozi ina klipu mbili. Mahali palipokuwa na hozi mbili sasa pana hozi tano au sita, na nusu yake zimejificha mahali ambapo mkono haufiki. Injini ya Subaru ni ya kulala na hutikisika upande kwa upande inapokanyagwa, ilhali kiini kimefungwa kwenye bodi ya gari na hakitikisiki nayo, kwa hiyo hozi ndizo zinazonyumbuka siku nzima. Zikilowa oili hulainika na kuanza kuteleza. Ukishikilia kununua aina hii, kataa bomba lolote ambalo mwisho wake umekatwa laini bila ukingo uliovimba wa kuzuia hozi isichomoke, na dai klipu zinazokazwa kwa boliti na nati badala ya zile za skrubu zenye matundu. Jiandae pia kulipia programu upya, kwa sababu njia ya hewa imerefuka, na jiandae kuona mshale wa joto la injini ukipanda kwenye foleni, kwani kiini hicho kimeizibia rejeta upepo.

Kuhusu vifaa vya bei rahisi visivyo na jina, vinavyouzwa vikiwa seti kamili ya mabomba yaliyopakwa rangi ya kung'aa, nina machache ya kusema. Uchomeleaji wake hautabiriki, hozi zake ni nyembamba, na klipu zake hulegea. Ikiwa bajeti yako inaishia hapo, bakia na interkula ya kiwandani na utumie fedha hizo kununua hozi mpya na gasketi mpya, maana utakuwa umenunua nguvu zaidi.

Kwa upande wa turbo, ya kwanza kwangu ni zile za kampuni ya IHI za familia ya VF, zilezile Subaru alizozifunga kwenye STI. Kwa mtu mwenye TD04 ndogo ya Mitsubishi kwenye WRX au Forester yake, kuhamia kwenye VF kama VF34, VF35, VF39 au VF48 ni hatua inayokaa vizuri na hali ya nyanda zetu. Ile TD04 hujaa presha upesi na ni tamu mjini, lakini ikidaiwa kuikuza hewa mara 2.4 huku mizunguko ya injini ikiwa juu, inafika ukingoni mwa uwezo wake na kuanza kutoa joto badala ya hewa. Turbo kubwa mno nayo ina tatizo la upande wa pili, kwa sababu hewa yetu nyepesi hutoa moshi mwepesi wa kuisukuma, na turbo ambayo Mombasa ingejaa kwenye mizunguko 3,500 itakufanya usubiri zaidi ukiwa Limuru. VF inakaa katikati ya mambo hayo mawili. Zaidi ya hayo inafungika kwenye miguu ya kiwandani, mabomba ya maji na oili ya kiwandani, na interkula ya juu, hivyo hakuna ungio jipya linalozaliwa. Onyo moja ni kuhusu VF37 na jamaa zake wenye mdomo wa moshi uliogawanywa mara mbili: hizo hutaka manifoldi yake (mabomba ya kukusanyia moshi) na sampu yake (bakuli la oili chini ya injini), na muuzaji anayekwambia kwamba itaingia kwenye Forester yako kwa gasketi tu hajawahi kuifunga.

Ukipewa VF ya mtumba mkononi, shika shafti kwenye ncha ya upande wa hewa. Kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, isipokuwa kwa VF34 ambayo beringi zake ni za gololi, kwa sababu beringi za kawaida huelea juu ya utando wa oili na sasa oili haimo. Kisha ivute na kuisukuma mbele na nyuma. Huko usisikie chochote. Tazama kingo za mapezi dhidi ya ukuta wa nyumba yake ukitumia mwanga wa simu, na ukiona mkwaruzo unaong'aa kwenye ukuta, irudishe mezani bila mjadala.

Baada ya kuifunga, maungio yanarudi tena. Gasketi kati ya turbo na bomba la moshi linalopanda kuijia ni mojawapo ya sehemu zinazovuja sana kwenye injini hizi, na moshi unaopotea hapo haufiki kwenye feni, kwa hiyo turbo huchelewa kujaa na lawama huangukia ukubwa wake. Nunua gasketi mpya ya Subaru, na washa mpya za shaba (vile viduara bapa vya kuzuia uvujaji) kwa kila boliti ya oili. Katika injini nyingi za aina hii boliti ya kupitishia oili kwenda kwenye turbo ina kichujio kidogo cha waya ndani yake, na kikiziba kwa oili chafu turbo hukosa oili na kufa huku gari likiwa na oili tele. Kitoe, kitazame juani, na kama huoni mwanga ukipenya, tafuta kipya kabla hujawasha injini.

Ya pili ni TD05 ya Mitsubishi yenye gurudumu la kusukumia hewa la ukubwa wa 16G, iliyotengenezwa kwa miguu ya Subaru. Blouch wa Pennsylvania wamejijengea heshima kwa turbo za namna hii, na mtu mwenye injini imara, sindano kubwa za petroli na mtaalamu mzuri wa programu hatajuta. Inataka uangalifu kwenye mabomba ya maji na oili, kwani hayafanani yote na ya IHI, na hapo ndipo mafundi huanza kukunja bomba kwa mikono na kuacha ungio linalotiririka. Gurudumu la 20G liko chini yake kwa sababu niliyoieleza, yaani kungoja. Kwa gari la kila siku la Nairobi naliona ni la mtu anayependa kusimulia kuliko kuendesha. Turbo za Garrett na BorgWarner zinazofungwa mahali tofauti na pale pa kiwandani ni kwa wenye injini iliyojengwa upya kwa pistoni imara za kufuliwa (forged), na mtu huyo hahitaji mwongozo wangu. Nakala zisizo na jina zinazofanana na VF kwa sura sizipangi. Gurudumu linalozunguka mara 150,000 kwa dakika likiwa halikusawazishwa vizuri si kitu cha kujadiliwa bei.

Nakala hizo ndizo zinazonirudisha kwa wauzaji. Katika maduka ya Kirinyaga Road nimewahi kuambiwa, "Madam, hiyo ni ex-Japan, imetoka kwa kontena juzi," kuhusu turbo ambayo kibati chake kilikuwa na herufi za IHI zilizochapwa kwa rangi ambayo ukucha uliibandua. Nilipouliza nambari ya spea nikaelezwa kwamba nambari ni mambo ya vitabu. Si mambo ya vitabu. Nambari za Subaru huanza na tarakimu tano zinazotaja aina ya kifaa: turbo ni 14411 na interkula ni 21821, na zinazofuata hutaja modeli. Ukiwa na nambari kamili unaweza kuthibitisha kwa dakika chache ilitoka kwenye gari gani, na ndiyo maana wengine hawapendi kuitaja. Kuna na tabia ya kumtazama mwanamke anayeuliza kuhusu turbo kisha kumjibu mwanamume aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, hata kama huyo amekuja kununua balbu. Hiyo nimeizoea, ila siipendi.

Wanaoagiza vipya kutoka Marekani au Australia nao wana malalamiko yao, na ni ya haki. Interkula ni kubwa na nyepesi, na kampuni za kusafirisha kwa ndege hulipisha kwa nafasi inayochukuliwa ndani ya ndege pale inapozidi uzito, kwa hiyo unalipia hewa iliyomo ndani ya boksi. Ushuru wa forodha kisha huhesabiwa juu ya thamani ya mzigo inayokubaliwa na forodha, na VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe, bila kusahau ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, na wakala wa kutoa mzigo ambaye kila mara ana ada moja ndogo aliyosahau kuitaja. Ulizia hesabu yote kwa maandishi kabla ya kulipa dukani kwa mtengenezaji, na linganisha na bei ya muuzaji wa hapa ambaye tayari anayo kwenye rafu. Mara nyingine muuzaji huyo anayeonekana ghali ndiye mwenye nafuu, na ukiweza kuishika interkula mkononi na kuipima kabla hujailipia, tofauti iliyobaki ni halali yake.

Kuipima maana yake ni hivi. Ziba midomo yote, moja ukiacha valvu ya tairi ndani yake, izamishe interkula kwenye beseni kubwa la maji, na uijaze hadi bar 1.5, ukiwa umekaza vizibo sawasawa kwa sababu kimoja kikichomoka kwa presha hiyo kinaumiza mtu. Tazama matangi na pembe za kiini bila kuharakisha, kwani viputo vya ufa mdogo huchukua muda kukusanyika. Ikishafungwa kwenye gari, rudia kwa maji ya sabuni, lakini sasa ukiishia karibu bar 1, na usishtuke ukisikia hewa ikipumua kwenye mdomo wa kujazia oili, maana baadhi yake hupenya kupitia ndani ya injini yenyewe. Unachokitafuta ni povu kwenye hozi, klipu, gasketi na meno ya tangi. Mtaalamu wa programu asiguse kompyuta yake kabla ya jaribio hili, kwa sababu programu iliyoandikwa juu ya uvujaji itakuwa na petroli pungufu siku uvujaji ukizibwa, na injini itaanza kugonga.

Muuzaji akikubali kipimo cha beseni, mwombe pia aandike kwenye risiti nambari kamili ya spea, neno "haivuji", na siku alizokubali kuipokea ikirudishwa. Wengi huandika bila shida. Anayekataa kuandika mojawapo kati ya hayo matatu, mwachie turbo yake na interkula yake juu ya kaunta, hata kama bei yake ni nusu ya jirani.